Mto Pangani: Maji Yanayofika Baharini Hayapotei



Kuna kauli moja ambayo wengi wetu tumeisikia tangu tuko shule ya msingi, na mpaka leo bado inatamkwa mikutanoni: kwamba mito yetu inamwaga maji baharini bure, na kila tone linalofika baharini bila kunywesha shamba wala kuzungusha mtambo ni tone lililopotea. Inasikika kama kauli ya akili, hasa kwa sisi wengine tunaoishi nchi za Ghuba, ambako maji matamu yanatengenezwa kiwandani kwa kuondolewa chumvi. Mimi napenda tuipime kauli hiyo kwa mto mmoja tu, tena si mkubwa. Si Rufiji, si Tana, si Ruvuma. Ni Mto Pangani, wenye urefu wa kama kilomita 500, unaoanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru na kuishia kwenye mji mdogo wa pwani ambao wengi siku hizi wanaujua kwa jina tu.

MTO MMOJA, MAJINA MENGI

Ukimuuliza mtu wa Arusha Chini jina la mto, atakwambia Kikuletwa. Mtu wa upande wa Ziwa Jipe atakwambia Ruvu. Wazigua na Wasambaa kwao ni Luvu. Mtu wa pwani ndiye anayesema Pangani, jina la mji wake. (Tusiuchanganye na ule Ruvu mwingine wa Bagamoyo, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam.) Kila mmoja anakijua kipande chake na anakiita kwa jina lake. Nadhani shida ilianzia hapo hapo: watu wanaona kipande, hawauoni mto.

Tuutazame basi mzima. Una mizizi miwili. Mmoja ni Kikuletwa, unaokusanya maji ya Meru na ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro: Themi unaopita Arusha mjini, Usa, Sanya, Kikafu, Weruweru, Karanga. Wa pili ni huo Ruvu, unaotoka mashariki ya Kilimanjaro na Ziwa Jipe. Ziwa hilo limekaa mpakani, nusu Tanzania nusu Kenya, kwa hiyo hata majirani zetu wa Taveta wana sehemu yao katika mto huu. Mizizi hii inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto unashuka kusini katika nchi kame, unapita kwenye vinamasi vya Kirua, milima ya Upare ikiwa kushoto kwake na nyika ya Wamasai kulia. Karibu na Korogwe unapokea maji ya Mkomazi na ya Luengera kutoka Usambara. Pale Hale na mbele yake kidogo ardhi inakatika, mto unaporomoka, kisha unatulia na kutambaa mpaka baharini, mji wa Pangani ukiwa ukingo wa kaskazini na Bweni ukingo wa kusini.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Ukisikia mto unatoka Kilimanjaro unadhani unalishwa na ile theluji. La hasha. Barafu ya kileleni ni kidogo mno, na imezidi kupungua: kati ya 1912 na 2000 kama sehemu 4 kati ya 5 za eneo lake zilitoweka. Kinacholisha mto ni mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlima. Upande wa kusini mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati tambarare za chini, mwendo wa saa moja tu kwa gari, hupata milimita 500 au pungufu. Maji ya msituni huzama ardhini na kutokeza mbali huko chini kwenye chemchemi. Kwa hiyo anayeulilia mto wa Pangani asililie theluji tu, aulilie na msitu. Na jambo la pili ni hili: mto unapita nchi kame karibu safari yake yote, na maji yake mengi yanatoka mahali padogo sana pa juu. Anayekaa juu ndiye mwenye bomba mkononi.

WA JUU: MIFONGO

Wachagga walilijua hilo kabla ya Mzungu yeyote kufika. Walichimba mifongo, yaani mifereji inayochukua maji kwenye makorongo ya mlima na kuyazungusha mabegani mwa vilima hadi kwenye vihamba vya migomba. Hakuna pampu wala saruji, ni jicho la fundi na mteremko basi. Mfongo ulikuwa na wenyewe, yaani ukoo wa yule aliyeuchimba, na ulikuwa na zamu zake, na siku za kuusafisha ambazo asiyetokea alitozwa. Wageni wa kwanza wa Kizungu walipofika karne ya 19 waliistaajabia kuliko karibu kitu kingine chochote walichokiona mlimani.

Naitaja mifongo kwa sababu ni sheria ya maji. Watu walikuwa wameshakubaliana kwamba maji yana foleni, na kwamba aliye juu hawezi kuyafunga yote hata kama mkono wake unafika. Lakini sheria hiyo ilikomea kwenye mfereji. Wa mfongo mmoja alimjua jirani yake wa chini. Hakumjua mtu wa Korogwe, seuze wa Pangani. Na hakuhitaji kumjua, maana watu walikuwa wachache na maji yaliyobaki yalitosha.

WA KATI: NJIA, NJAA NA SAFARI YA JUBA

Kipande cha katikati historia yake ni ya njia. Bonde la mto huu ndilo mlango wa kutoka pwani kwenda Upare, Uchagga na Umasai, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na maji ya kunywa kwa msafara. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliondoka Pangani ikafuata bonde, na vijiji vingine vilijengwa visiwani katikati ya mto ili mkondo uwe boma.

Simulizi za Wakilindi, watawala wa Usambara, zinaanza na mwindaji Mbegha aliyetoka Unguu, kusini ya mto, akaja kuketishwa mtawala Vugha milimani, kaskazini yake. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, na kila mtu anayesema Waswahili hawakuandika historia ya bara apewe kitabu hicho akisome. Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkubwa wa ukoo huo, alitawala kutoka milimani hadi karibu na bahari. Krapf alimfikia mwaka 1848. Burton na Speke walipanda kutoka Pangani kwenda Vugha mwezi wa Februari 1857, safari ya majaribio kabla ya ile kubwa ya maziwa. Kimweri alikufa 1862, na ufalme ukapasuka. Semboja, aliyejiweka Mazinde chini tambarare, akaishika njia ya misafara, akapata bunduki kwa wafanyabiashara wa pwani, na waliotekwa katika vita hivyo vya ndugu kwa ndugu wakateremshwa pwani kuuzwa.

Lakini kabla ya hapo kulitokea jambo ambalo linatugusa sisi tulio nje kuliko mengine yote. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia Uzigua. Watu wakateremka bandari za Mrima kutafuta chakula, na wengi waliishia utumwani, wengine kwa kujiweka rehani ili wale, wengine kwa hila. Sehemu yao walipelekwa kwa majahazi mpaka pwani ya Banadiri, wakalima mashamba ya kando ya Mto Shebelle. Baadaye kundi lao lilitoroka. Simulizi zao zinasema waliongozwa na mwanamke, Wanankhucha, na nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Walifika Mto Juba, wakaishia pale, wakafyeka msitu na kulima. Waliendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150.

Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 wazao wao wakakimbilia kambi za Kenya, na kuanzia 2003 na 2004 zaidi ya 12,000 wa jamii hiyo wakahamishiwa Marekani, katika lile kundi linaloitwa Wasomali Wabantu. Wengine walirudi Tanzania, wakawekwa Chogo wilayani Handeni, yaani katika ardhi ile ile ya mababu, na wengi wakapewa uraia. Kwa hiyo wewe uliye Marekani, ukikutana na mzee anayeitwa Msomali naye anasema lugha unayoielewa nusu nusu, usishangae. Huyo ni mwenzako wa mto huu, na njia iliyomfikisha hapo ilianzia kwenye mvua iliyokosekana.

WA MWISHO: MJI WA MDOMONI

Sasa tufike pwani. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 1, katika kitabu cha safari za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, aliutaja mji wa Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania, jina linalotokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Ptolemy naye aliutaja Rhapta pamoja na mto. Wapo wanazuoni walioelekeza kidole Pangani, wapo wanaoelekeza Rufiji au kwingineko, na mji wenyewe haujapatikana. Tusijitwalie sifa ambayo haijathibitishwa. Lakini vyombo vya kushona tunavijua; mitepe yetu ilikuwa ikisafiri mpaka karne ya 20 inaingia.

Mji wa Pangani tunaoujua ulinawiri karne ya 19, chini ya himaya ya Masultani wa Unguja. Pembe na watumwa walishuka, nguo na bunduki zikapanda. Na kandokando ya mto, katika udongo mweusi unaoletwa na mafuriko, kukaota mashamba ya miwa, yenye vinu vya kukamulia na masufuria ya kuchemshia. Sukari hiyo iliuzwa Unguja na Arabuni. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na hilo lisemwe wazi bila kung'ata maneno, hata kama wamo kati yetu wenye mababu upande mmoja au upande wa pili, na wengine pande zote mbili. Mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi, wakajitenga na kujenga makazi yao wenyewe.

Mmoja wa wenye mashamba ya miwa alikuwa Bushiri bin Salim al-Harthi, tunayemwita Abushiri. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Agosti mawakala wake wakafika kuchukua forodha. Pangani alikuja Emil von Zelewski, mtu mwenye kiburi. Alitaka kupandisha bendera ya kampuni badala ya kuiacha ya Sultani peke yake, na habari za wakati huo zinasema askari wa manowari waliingia msikitini, mbwa wakiwa pamoja nao, siku za Idi kubwa. Mji ukawaka. Zelewski akafungiwa nyumbani na wenzake mpaka Jenerali Mathews, mkuu wa jeshi la Sultani, alipokuja kumtoa. Uasi ukaenea pwani yote, na vita hivyo viliandikiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, ambao ni hazina ya fasihi yetu.

Wissmann alitumwa na Serikali ya Ujerumani, akaitwaa Pangani Julai 1889. Abushiri alikamatwa na kunyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye aliuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo, Agosti 1891.

Ipo habari nyingine ndogo inayounganisha ncha mbili za mto. Mwaka 1888 Wazungu wenye safari zao, Hans Meyer na mwenzake Oscar Baumann, walitekwa na watu wa Abushiri, wakaachiwa kwa fidia. Meyer hakukoma. Oktoba 1889, Abushiri akiwa bado hai porini, alifika kileleni Kilimanjaro pamoja na Ludwig Purtscheller. Katika muda wa wiki chache tu, kilele kimepandwa na mdomo wa mto umefungwa kamba ya kunyongea.

MKONGE NA RELI

Mwaka 1893 miche ya mkonge iliyoagizwa na Dakta Richard Hindorf kutoka Florida iliwasili. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kusini ya mdomo wa Mto Pangani. Mkonge wote uliokuja kuitajirisha Tanganyika ulianza na miche hiyo. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha kama tani 230,000, ya kwanza duniani, na bonde la chini la mto huu lilikuwa moyo wa zao hilo. Manamba waliletwa kutoka mbali, wengi wakaoa na kubaki, na ndiyo maana Kiswahili cha Korogwe na Muheza kina sauti za makabila ya nchi nzima. Mkonge ukitaka kuusafisha unahitaji maji mengi, na taka zake zilirudi mtoni. Ulitaifishwa 1967 kwa sehemu kubwa, na kamba za nailoni zikaumaliza nguvu sokoni.

Lakini utajiri huo haukuunufaisha mji wa mdomoni. Wajerumani walianza kujenga reli mwaka 1893, na waliianzia Tanga, kwenye ghuba yenye kina, si Pangani ambako fungu la mchanga huzuia meli kubwa mlangoni. Reli ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilishafika Moshi. Njia ile ile ya bonde iliyokuwa ikimwaga kila kitu Pangani sasa ikakata kona kwenda Tanga. Pangani ikabaki na nyumba zake za milango ya nakshi, minazi yake, na mto. Mpaka miaka ya 2020, ujenzi wa daraja ulipoanza, kuvuka kwenda Bweni ilikuwa ni kwa kivuko au mtumbwi.

Na baada ya reli kuchukuliwa, ikaja zamu ya mto wenyewe.

UMEME NA MABWAWA

Umeme wa maporomoko ya Pangani ulianza miaka ya 1930, ukaendesha viwanda vya mkonge na mji wa Tanga. Kituo cha Hale kilikuja 1964, megawati 21. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye eneo la kama kilomita za mraba 140 likijaa, la kutunza maji ya masika yatumike kiangazi, na kituo chake cha megawati 8. Mwaka 1995 kikaja kituo kipya cha Pangani, megawati 68, kwa msaada wa nchi za Nordiki. Jumla ni megawati 97. Kwa wakati wake hiyo ilikuwa hesabu kubwa, na mgomvi wa mto akawa bayana: kila mkulima aliyefungua mfereji huko juu alionekana anamwibia mtambo huko chini. Ofisi ya Bonde la Pangani ilianzishwa 1991, ikaanza kutoa vibali na kutoza ada kwa maji ambayo wazee waliamini ni ya aliyechimba mfongo.

Lakini tazameni leo. Turbini moja tu ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 235, nazo ziko 9. Vituo vyote vya Mto Pangani kwa pamoja havifikii nusu ya turbini hiyo moja. Kwa hiyo ule ubishi wa zamani, mkulima au mtambo, umepungua uzito. Maji yanatakiwa na wengi zaidi sasa: mashamba ya miwa ya Arusha Chini, mpunga wa Moshi Chini, nyanya na mboga, miji ya Arusha na Moshi iliyovimba, na mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe unaochukua maji Nyumba ya Mungu kwa ajili ya vijiji vilivyoishi na ndoo kichwani miaka nenda rudi. Nani mwenye roho ya kuwaambia hao wasinywe? Hakuna. Ila katika orodha yote hiyo, wa mdomoni hatajwi. Yeye anahesabiwa kama mwisho wa bomba.

KWA NINI HAYAPOTEI

Hapa ndipo turudi kwenye ile kauli yetu. Mto unapokutana na bahari panakuwa na mieleka ya kila siku. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu. Kwa hiyo bahari inapojaa haiji juu juu, inajipenyeza chini, kama ulimi, ikipanda mtoni kilomita nyingi. Kinachourudisha nyuma ulimi huo ni msukumo wa mto, si kingine. Wakati wa masika mto una nguvu, chumvi inasukumwa mpaka mlangoni. Wakati wa kiangazi, tena bamvua likija, chumvi inapanda. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani na wakulima wa kandokando walijua kalenda yake: lini unaweza kuchota, lini usubiri maji yapwe.

Ukipunguza mto, unaibadilisha kalenda hiyo. Chumvi inakwenda mbali zaidi na inakaa muda mrefu zaidi. Mnazi unavumilia chumvi kidogo, lakini mpunga na migomba havivumilii, na hata mnazi una mwisho wake. Wakulima wa kingo za chini za Pangani wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mashamba ya mababu yamegeuka ya chumvi na visima vimeharibika. Lile shamba la miwa lililotajirisha mji karne ya 19 liliwezekana kwa sababu mto ulikuwa na nguvu ya kuizuia bahari isilifikie.

Kisha kuna tope. Mto haubebi maji matupu. Unabeba udongo na mchanga. Tope hilo ndilo linaloshikiliwa na mizizi ya mikoko, na ndani ya mikoko ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia kabla ya kutoka baharini. Mvuvi wa Pangani anayetupa wavu nje kwenye maji ya buluu anavua kitu kilicholelewa na mto. Bwawa linanasa mchanga. Mchanga usiofika pwani hauna wa kuurudishia ufukwe kile ambacho mawimbi ya kusi yamekula. Bahari yenyewe nayo inapanda kwa sababu ya joto la dunia. Mji wa Pangani umelazimika kujengewa ukuta mpya wa kuukinga. Kwa hiyo lile tone tuliloambiwa limepotea, kumbe lilikuwa kazini: linasukuma chumvi, linalisha mikoko, linajenga ufukwe. Tofauti ni kwamba kazi yake haina mita ya kuisoma wala ankara ya kumpelekea mtu.

FOLENI YA MAJI

Sheria, kusema kweli, imeshalikubali hilo kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka mbele matumizi ya nyumbani, halafu akiba ya maji ya mazingira, ndipo yafuate mashamba, viwanda na umeme. Yaani kwa sheria ya nchi mto wenyewe una haki ya maji kabla ya mkulima mkubwa. Shida ni kwamba akiba hiyo haina wa kuipigia kelele kikaoni. Shamba kubwa lina wakili, shirika la umeme lina wahandisi, mji una mbunge wake. Ulimi wa chumvi unapanda usiku kimya kimya.

Sisi tulio nje tunaweza kudhani haya hayatuhusu, lakini yanatuhusu hata mfukoni. Mmoja wetu anatuma pesa nyumbani Moshi inunuliwe pampu ya kumwagilia. Mwenzake anatuma pesa Pangani wazee wanunue maji ya kunywa kwa sababu kisima kimeingia chumvi. Wote wawili wanafanya wema, na wema wa mmoja unaweza kuwa unaongeza gharama ya mwingine, kwa kuwa kila mmoja anakiona kipande chake tu. Simaanishi pampu isinunuliwe. Naomba tu mwenye kuinunua aulize kama kuna kibali na zamu, na kama njia ya kumwagilia kwa matone haiwezekani, na mwenye nafasi ya kuandika au kufundisha aache kusema maji yanapotea baharini. Wazee wa mifongo walijua kuwa maji yana foleni. Kazi iliyobaki ni kuirefusha foleni ile kutoka mlimani mpaka Bweni, na kuhakikisha kwamba wa mwisho naye anahesabiwa kuwa yumo.

Wenye ziada waongeze, na wenye kupinga wapinge kwa hoja.